Gari la Turubai

Ninayesema ni mimi, Mwanahawa; anayeandika ni mjukuu wangu Rehema. Mkono wangu unaijua sindano, kalamu hauijui. Nimemwagiza aandike kama ninavyosema, asiongeze chumvi wala asipunguze ukali wangu, kwa kuwa maneno haya ni ya ninyi mliobaki karakanani, mnaoshona viti vya magari na maturubai ya malori kwa mashine ya umeme na bado mnalalamika kwamba viganja vinawauma. Vyeo vyangu na mishahara yangu sitavitaja. Mshahara ulikwisha kuliwa, na cheo hakizuii mvua.

Nilishuka Morogoro mjini kutoka milimani, juu ya Mkuyuni, nikiwa nimeachwa na mume, mtoto mgongoni. Nilifikia kwa mdogo wangu Kibwana, aliyekuwa makanika katika karakana ya malori ya serikali. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Salumu, fundi maturubai. Mzee huyo aliitikia shikamoo yangu kwa mguno, akanipa ngozi ya kuvaa kiganjani, sindano iliyopinda kama ukucha wa kuku na bonge la nta ya kupaka uzi wa katani. Akasema, "Kaa." Nikakaa mpaka nilipostaafu.

Siku ile ya kwanza sikutoboa hata tundu moja. Nilimwagia turubai maji, nikalianika, nikalimwagia tena, nikaamini kwamba mzee ananidhihaki. Jioni akaingia dereva wa lori la miwa kutoka Turiani, amebeba turubai lililokatwa na fundi aliyenitangulia, limesinyaa. "Mzee," akasema, "nilinunua turubai, mvua ikanyesha, sasa nina kofia." Mzee Salumu akanigeukia. "Umeona? Turubai lisilowahi kunyeshewa ni kama mtu usiyewahi kumwona amekasirika. Usilikate mpaka ulijue." Fundi aliyenitangulia sikumwona tena, wala sikuuliza aliko.

Mengine aliyonifundisha mnayajua, ingawa hamyafuati. Mshono hukunjwa mara mbili, na mkunjo hutazama nyuma ya lori, kama majani ya paa yanavyolaliana, ili upepo upite juu badala ya kuingia ndani. Kiti hakishonwi kwa kukadiria. Mwenye kiti hukalishwa, akapimwa akiwa amekaa, kwa sababu mtu akikaa huwa mtu mwingine. Haya nimeyataja kwa kuwa nitayarudia.

Sasa nieleze kazi iliyonishtua kuliko zote, nayo haikuwa ya karakana.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tena ile miaka migumu. Mabati hayakuonekana, petroli ilitolewa kwa kipimo, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Katika miaka hiyo hiyo ndipo Kibwana alipoamua kujenga gari. Alipokuwa kijana aliyaona magari ya mashindano yakipita Morogoro kuelekea Iringa, mafupi, yamejaa tope, yakinguruma kama yanamtukana mtu, na tangu siku ile hakupona. Malori ya watu aliyatengeneza mchana kutwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye yale magari.

Siku moja nilirudi kazini nikakuta vitanda vyetu viwili vya chuma havipo. Nilivifuata kwa mlio wa msumeno mpaka kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba, nikavikuta vimekatwa vipande. Nilipiga ukelele hata majirani wakatoka.

"Kibwana! Tutalala wapi?"

"Dada, mtu anaweza kulala mkekani. Gari haliwezi kutembea mkekani."

Mabomba ya vitanda, akanieleza, ni mepesi na hayapindi ovyo. Injini ataitoa kwenye kigari kibovu cha Kijerumani, kile ambacho watu walikiita kobe, alichoachiwa na mwenyewe baada ya kugonga mti. Gari likiwa jepesi, injini ndogo italirusha, na petroli itatosha. Nilipomuuliza litabeba watu wangapi, alijibu bila haya:

"Wawili."

"Wawili! Na mama akitaka kushuka mjini na mashoga zake? Na mgonjwa? Na gunia la mpunga?"

"Dada, hili si gari la kubeba. Ni gari la kwenda."

Katika nchi ambayo hata baiskeli ilibeba watatu na kuku, ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa anajenga gari la kumwacha kila mtu nyuma. Nilikaa juu ya gogo la kuni nikamtazama kama mtu aliyebadilishwa.

Hata hivyo, mabati hayakupatikana, na fremu ya mabomba ilibaki uchi kama mifupa ya samaki. Kila nilipokwenda kuchukua kuni niliiona. Mwisho kiganja changu kikaniwasha kwa hamu ya sindano. Nilileta turubai nililonunua kwa mshahara wangu, nikavunja sheria ya Mzee Salumu kwa makusudi. Nililikata likiwa jipya, halijaonja maji, nikalishona juu ya ile fremu kwa kubana, mikunjo yote ikitazama nyuma. Ndipo nikalimwagia maji. Lilipokauka lilijivuta likakaza hata ukiligonga linalia kama ngoma. Tukalipaka uji mzito wa muhogo, likakauka. Tukalipaka rangi ya mafuta nyekundu, ambayo ndiyo pekee iliyopatikana. Watu wanne waliweza kuinua gari zima bila magurudumu na injini. Sikusema kwamba ni zuri. Nilisema mshono umekaa.

Hapa ndipo anapoingia Balozi Mihambo. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene, mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi ni Waluguru, basi alikuwa mtani wetu, na utani wetu haukuwa na likizo. Mimi na mtani hatununiani; akikutukana unamtukana zaidi, akichukua kitu chako unakikomboa, na atakayekasirika ameaibika.

"Kitanda chenye magurudumu!" alisema siku alipoliona gari. "Kweli Waluguru mmechoka kupanda milima. Sasa mnataka kuipanda mkiwa mmelala."

"Afadhali sisi tunaopanda," akajibu Kibwana. "Babu zako walitembea kutoka Tabora mpaka pwani na mizigo ya watu kichwani. Wewe gari la nini, mtumwa wetu? Ukipewa, utalibeba."

Balozi alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Alizoea kuja kila jioni, akalizunguka lile gari mikono nyuma, akatukana kidogo, akaondoka. Nilidhani anakuja kutuchunguza. Sikuelewa alikuwa anatazama nini.

Gari likaisha. Lilibaki kujaribiwa, na Kibwana akachagua Jumapili alasiri, saa zile magari yamekatazwa, kwa hoja kwamba barabara itakuwa tupu. Nilipomwambia kwamba barabara itakuwa tupu kwa sababu ya sheria, alinijibu kwamba sheria inahusu magari, na kitu kisicho na namba si gari bado. Kabla sijaijibu hoja hiyo, Balozi aliingia uani. Ilikuwa Jumamosi. Hakukaa.

"Kesho msitoe hicho kitanda," alisema. "Wakubwa wameweka kizuizi njia ya Kingolwira. Wanamtafuta mtu wa kumfanya mfano."

"Maskini, mtumwa wetu anaogopa mti uliolala," akasema Kibwana.

"Kibwana. Leo sitanii."

Tulicheka sote wawili. Ninyi msio na watani wa aina hiyo hamwezi kujua jinsi neno lile lilivyokuwa tamu. Mtu aliyetutania miaka yote, kwa uso mkavu, anasema leo hatanii! Kibwana alipiga magoti kwa kicheko, akasema huo ndio utani bora aliowahi kuutoa. Balozi alitutazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kesho yake tulitoka. Nilikaa kiti cha pili, nilichokuwa nimekishona kwa kipimo changu, si kwa anasa bali kwa kazi. Nilitaka kuutazama mshono wa puani mwa gari upepo unapoupiga, kwa maana mshono hauonyeshi tabia yake ukiwa umesimama. Tulipita pembezoni mwa mji, tukaingia lami, na mkonge ukasimama safu safu pande zote mbili. Kibwana akakanyaga.

Nilikuwa nimepanda malori maisha yangu yote. Lori hukueleza kwanza kwamba linakwenda. Lile gari halikuwa na paa, wala halikueleza kitu. Niliona mkonge ukigeuka ukuta mmoja, nikaona lami ikipita chini ya kiwiko changu, karibu kiasi cha kuigusa, na milima ya Uluguru ikirudi nyuma kama mtu aliyetishwa. Nilitaka kupiga kelele, upepo ukaingia kinywani ukaichukua. Lakini mshono wa puani ulitulia. Hilo nililiona, na ninalisema kwa fahari.

Kisha tukapinda, na mti ukawa mbele yetu.

Ulikuwa gogo refu lililolazwa juu ya mapipa mawili ya lami, toka ukingo hadi ukingo. Mgambo wawili walikaa kivulini wakitafuna miwa. Kibwana alikanyaga breki, nazo zikashika, lakini barabara ilikuwa na mchanga na gari lilikuwa jepesi kupita kiasi. Likateleza kama sabuni.

"Lala, Dada!"

Nililala. Niliona gogo likipita juu ya uso wangu, magamba yake, na mchwa wakitembea chini yake. Kitu kilivutwa kichwani pangu. Tulipoinuka tulikuwa upande wa pili, tunaendelea. Niligeuka nikaona kanga yangu ikining'inia juu ya kizuizi, ile yenye maneno *Sina haraka, nitafika salama*, na mgambo wawili wamesimama, miwa imo vinywani, hakuna anayetafuna.

Hatukusimama. Tuliingia njia za ndani ya mashamba ya mkonge tukarudi mjini kwa kuzunguka. Tulipofika bandani, injini niliizima mimi.

Jua lilikuwa bado halijazama Balozi alipoingia kutoka kikaoni. Safari hii hakuna aliyecheka. Alisema wakubwa wamewaita mabalozi wote. Mgambo wamesimulia kwamba kitu chekundu kisicho na kichwa kimepita chini ya mti. Wameambiwa wamelewa, lakini kanga ipo, na kanga hailewi. Asubuhi kila banda la mji litapekuliwa, na kila balozi ataongoza upekuzi wa nyumba zake.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipotuangukia. Gari likikutwa litachukuliwa, na Kibwana atafukuzwa kazi, kwa kuwa hakuna atakayeamini kwamba makanika wa serikali amejenga gari zima bila kuiba hata nati moja ya serikali. Hakuiba. Nati zile alizitoa kwenye yule kobe, moja moja, nikizipangusa mimi kwa mafuta ya taa. Lakini nani angeuliza nati?

Kibwana alishika msumeno. "Nitalikata," akasema. Sauti yake sikuifahamu.

"Weka chini," akasema Balozi. "Hili si lako tena. Mimi ni mtani wako, na nimelinyang'anya."

Nilimtazama nikidhani amerukwa na akili. Yeye alikuwa ameshageuka kuwaita wanawe wanne. "Magurudumu toa. Injini acha hapo. Injini ndani ya banda la makanika si ajabu. Bi Mwanahawa, leta turubai kubwa."

Tulilifunika. Vijana wakaingia chini, wakalinyanyua mabegani, na Balozi akatangulia mbele, ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Ndipo nilipoona tulichokuwa tumefanya. Watu waliokuwa barabarani walisimama. Wanaume walivua kofia. Mmoja akatoka kibarazani, akaja mbio kutoa bega lake, kama ilivyo desturi ya mtu akutanaye na jeneza, kisha wa pili, wa tatu.

"Nani amefariki, Balozi?" mmoja akauliza.

"Ulizeni Waluguru," akajibu Balozi bila kugeuka.

"Alikuwa mtu mnene," mwingine akanong'ona. "Lakini mwepesi. Alikuwa mwema huyu."

Sikulipenda jambo lile, na silipendi hata leo. Mambo ya mazishi si ya kuchezewa. Lakini Balozi hakusema uongo hata neno moja, na gari la Kibwana likapita mjini kabla giza halijaingia, mabegani mwa watu waliokuwa wanatafuta thawabu.

Asubuhi upekuzi ukaja, na Balozi akauongoza, kanga yangu begani kama kielelezo. Bandani wakakuta kuni, injini na harufu ya rangi. Mkubwa mmoja akaikunjua kanga, akauliza ni ya nani. Nilisimama mlangoni. Ndipo mwanamke wa nyumba ya pili akatoka kumwaga maji, amejifunga kanga ile ile. Wa nyumba ya nne akachungulia, naye ameivaa. Yule mkubwa akageuka huku na huku: *Sina haraka, nitafika salama*, mlango kwa mlango.

"Mzigo wa mwisho wa duka la ushirika ulikuwa wa aina moja, ndugu," akasema Balozi kwa upole. "Tulipanga foleni sote. Hata mke wangu anayo."

Wakaondoka. Nyumba ya Balozi hawakuipekua. Nani hupekua nyumba ya anayeongoza upekuzi?

Nilikwenda kwake kushukuru. Mkewe, Mama Tausi, alinipokea kwa macho mekundu. "Karibu uone, Bi Mwanahawa. Mimi nimelala jikoni na majivu, chumba changu kina mgeni." Akasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetolewa. Gari, lililopitishwa mlangoni kwa ubavu, lilijaa chumba chote, na ndani yake, amebanwa kwenye kiti nilichokishona kwa kipimo changu, alikaa Balozi wetu wa nyumba kumi, mkono juu ya usukani, anatoa mlio wa injini kwa midomo.

Aliponiona hakunyamaza mara moja. Alibadilisha gia kwanza.

"Nilisema sitanii," akasema.

"Tumesikia sasa, Balozi."

"Basi likomboeni. Kuku sitaki, mbuzi sitaki. Kiti hiki kinanibana. Kishone upya, na siku gari litakapotoka tena, kiti cha pili ni changu."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakitazama jioni zote zile, mikono nyuma. Nilimpima pale pale, akiwa amekaa. Ninawaambieni, katika kazi yangu yote sijakata kitambaa kingi hivyo kwa kiti kimoja.

Kibwana alimchukua alfajiri moja, siku ya kazi, ndani ya njia za mkonge. Waliporudi Balozi alikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alinishika mkono tu. Gari lile halikupata namba kamwe. Liliendelea kutembea mkongeni mpaka injini ikaomba kupumzika, na mabomba yakarudi kuwa vitanda. Kimoja ninakilalia hadi leo. Hunguruma kidogo ninapogeuka.

Imebaki siku moja ya kusimulia. Balozi Mihambo alifariki akiwa mzee, na sisi tulikwenda kama watani. Mnajua kazi ya watani msibani: kuzuia, kuvuruga, kuwafuta watu machozi kwa kuwachekesha. Jeneza lilipoinuliwa, Kibwana, naye ameshaota mvi, alikwenda akalala kifudifudi kizingitini.

"Hatoki!" akasema. "Mtumwa wetu hatoki humu mpaka akombolewe!"

Watu wakacheka, wakamrushia matusi ya heshima. Mama Tausi mwenyewe alitabasamu ndani ya kanga yake. Wakamwambia aondoke, mzee huyu ana safari. Kibwana akainua uso.

"Leo sitanii," akasema.

Uani kote kicheko kikalipuka. Watu walishikana mabega. Mmoja akasema huyo ndiye mtani wa kweli. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na niliuona uso wake. Nilikwenda nikamwinua mwenyewe, nikampangusa vumbi, nikamweka mbele, chini ya pembe ya kulia ya jeneza. Njiani walikuja wengi kumpokea, kama ilivyo desturi. Hakumwachia mtu pembe ile mpaka kaburini.